Matambara ya Mwanakheri

Mwaka huo tembo wa Mikumi walikula mashamba ya Ruhembe kana kwamba waliyapanda wenyewe, wakabakiza moja tu. Ilikuwa ekari ya Mwanakheri, pembeni kabisa mwa mpaka wa hifadhi, mahali ambapo wengi wasingethubutu kulima hata bamia. Mahindi yake yalikuwa yameanza kukauka ndevu. Zilibaki wiki tatu avune. Yakiliwa, nyumba yake haina unga mpaka msimu mwingine.

Siri yake ilining'inia hadharani. Alizungushia shamba kamba ya katani, akafunga matambara aliyoyalowesha kwenye oili chafu na pilipili kichaa iliyotwangwa. Tembo hapendi harufu hiyo. Kila mvua ikinyesha aliyalowesha upya, mikono ikiwaka moto, wala hakuna aliyemsikia akilalamika.

Alhamisi akaja Innocent, afisa kijana wa wanyamapori kutoka Kilosa, na bango la kitambaa kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa kwangu au kwa tembo?”

“Kwako. Jumamosi tuna mgeni rasmi, mwindaji mwenye leseni. Ni mpenzi mkubwa wa wanyama. Na shamba lako ndilo pekee lenye kitu cha kumwonyesha.” Akatazama uzio, akakunja pua. “Ila haya matambara yatoke, yanaharibu picha. Tutaweka hili.”

Akalikunjua bango. Lilichorwa tembo anayecheka, na maneno: TEMBO NI NDUGU YETU.

Mwanakheri alilitazama sana. “Ndugu gani huyu, anakula mpaka mbegu?”

“Ni agizo, mama.”

“Haya. Agizo lako, shamba langu. Ila huku kwetu, anayevua uzio wa mwenzake hupanda dunguni kulinda mpaka urudishwe. Hata mkwe wangu alipanda.”

Innocent akacheka. Akaona mama hacheki, akakubali.

Jumamosi asubuhi uzio ukavuliwa, bango likasimamishwa. Afisa akapanda dunguni, kichanja kirefu cha miti, na shati lake jeupe. Shimba, jirani mfugaji, akapita na ng'ombe wake, akasimama.

“Bwana afisa, ndugu yako akija usimwamkie ukiwa huko juu. Ni kumkosea adabu.”

Mgeni wa saa nne alifika saa kumi na moja jioni. Hata picha haijapigwa, tembo sita wakatokea vichakani, bila mwaliko. Jike kubwa lilitangulia. Likalinusa bango, likaling'oa kwa mkonga, likalikanyaga na kuingia kwenye mahindi.

Mgeni alikuwa ameshafunga vioo vya gari. Shimba akagonga dirisha. “Mzee, una bunduki. Piga hata hewani.”

“Kibali changu ni cha nyati,” sauti ikatoka ndani. “Tena cha kitalu kingine cha uwindaji.”

Shimba akaondoka dirishani; mambo ya kibali aliyajua. Mwaka jana shemeji yake alilala mahabusu kwa ajili ya kanga mmoja wa porini aliyenasa kwenye tanzi.

Mwanakheri hakumngoja mtu. Alichota vumbi, akaliachia kuona upepo unakwenda wapi. Akazunguka mpaka upande ambao upepo unavuma kuelekea kwa tembo, akaweka chini tofali alilolikausha mapema, la kinyesi chao wenyewe kilichokandwa na pilipili, akaliwasha. Akasimama pale na kanga yake puani, mwanamke mfupi mbele ya wanyama sita, hakupiga kelele wala kurusha jiwe. Moshi ukatambaa. Jike likatikisa masikio, likapiga chafya, likageuka. Wengine wakafuata nyuma yake. Ilikuwa imeliwa mistari miwili tu.

Ndipo mgeni akashuka garini, akampa mkono Innocent aliyekuwa ameteremka dunguni. “Hongera sana. Bango limefanya kazi.”

Gari lilipoondoka, Innocent alibaki. Akaliokota bango, akalikung'uta vumbi, akamwomba mama kisu.

“Unataka kufanya nini?”

“Kitambaa chake ni kizito. Kitashika oili vizuri.”

Walilichana wote wawili, wakaanza na lile cheko la tembo. Innocent alichovya vipande kwenye ndoo na kufunga kamba nzima kwa mikono yake, machozi yakimtiririka kwa pilipili, mpaka jua likazama nyuma ya milima ya Vidunda na uzio ukakamilika.

“Sasa ninaruhusiwa kwenda?” akauliza.

“Nenda, mwanangu,” alisema Mwanakheri. “Ila usijifute macho kwanza.”

Alikuwa ameshajifuta.