Orodha ya Wanaostahili

Stephano, katekista wa kigango chetu cha Nangurukuru, anamjua kila anayestahili kumpokea Bwana. Sina hakika kama Mungu huulizwa. Mara moja kwa mwezi, Padri akija kutoka parokiani, Stephano husimama mbele kabla ya Misa na kusoma majina ya waliojiweka safi, eti mtu asije akala hukumu yake mwenyewe. Ukimnyima salamu Jumatano, Jumapili jina lako limesahaulika.

Jina la Restuta halijawahi kusomwa. Restuta ni mwenzangu. Tunauza chai na chapati pamoja pale stendi. Miaka kumi na miwili anakaa mwisho wa benchi, ili watu wakienda kukomunika asiwape taabu ya kuruka magoti yake. Aliolewa bomani na Abilahi, Mwislamu wa Likawage, bila ruhusa ya Kanisa. Hilo ni kosa, sikatai, mafundisho nimeyapitia. Lakini Kanisa lenyewe limeweka njia: mnaomba ruhusa ya Askofu, mnafunga ndoa mbele ya Padri, mume anabaki na dini yake, basi. Kwaresima iliyopita Abilahi alikubali. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akasomewa ahadi za mkewe za kushika imani na kulea watoto Kikatoliki, akatia sahihi kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Huko kwao shangazi zake walimnunia mwezi mzima. Fomu akakabidhiwa Stephano aifikishe parokiani.

Restuta alitaka kitu kimoja tu: siku binti yao Stella anapokea Komunyo ya kwanza, naye apokee nyuma yake.

"Mwalimu, fomu yetu imefikia wapi?" alikuwa akimwuliza kila wiki, huku akimmiminia chai.

"Mama Stella, usafi wa roho hauna haraka," Stephano alijibu, mdomo umejaa chapati. "Miaka yote hiyo umeishi katika dhambi, miezi michache ndiyo ikushinde?"

Chapati ya mwenye dhambi ilikuwa ikimshuka vizuri tu.

Ikafika sikukuu ya Kristo Mfalme. Stella kavaa gauni jeupe, mshumaa mkononi. Padri alikuwa bado nje akiungamisha. Stephano akasimama mbele, akainua karatasi yake, akaanza kusoma.

Kila mtu hapa anajua kwamba Stephano hatupi karatasi. Matangazo yote huyaandika nyuma ya zile anazoona zimekwisha kazi. Siku hiyo tulikaa benchi la mbele kwa ajili ya Stella. Yeye akasoma upande wake, sisi tukasoma wa kwetu: muhuri wa kigango, jina la Restuta, na chini yake sahihi ya Abilahi, nyekundu.

Upande wake, jina la kwanza lilikuwa Stephano.

Nilitaka kunyanyuka. Restuta akanishika mkono. "Leo siku ya mwanangu, Helena," alisema. Nilikaa, lakini kwa hasira niliyokuwa nayo sikusikia hata neno moja la Injili.

Wakati wa Komunyo Stella alikwenda bila mama yake. Stephano, aliyekaa nasi benchi moja, akaacha kitabu chake cha nyimbo na karatasi ikiwa imechomoza. Akakunja mikono kifuani, akapita mbele yetu macho chini, mtakatifu mtupu. Restuta akavuta magoti kumpisha. Kisha akaichomoa ile karatasi.

Misa ilipokwisha, Padri alisimama mlangoni akisalimiana na watu. Restuta akampa karatasi, orodha ikiwa juu.

"Baba Padri, naomba ugeuze."

Padri akageuza. Tarehe aliisoma mara mbili.

"Fomu hii niliiulizia mwezi wa tano," alisema. "Niliambiwa mumeo amekataa kusaini."

Abilahi alikuwa hapo nje, ameegemea pikipiki yake, anawasubiri mkewe na binti yake, soda ya Stella mkononi. Alisikia. Akaishusha ile chupa juu ya kiti cha pikipiki.

Padri akamwita Stephano, akamwonyesha ile sahihi nyekundu.

"Mwalimu," akamwuliza, "leo umekomunika?"

Stephano akatazama viatu vyake. Restuta akasimama pale pale kungoja jibu, na safari hii yeye ndiye hakuwa na haraka.