Ploti ya Jimbo Lililovunjwa

Mheshimiwa Elijah aliposimama mlangoni kwa Fridah kule Wusi, peke yake, bila hata dereva, Fridah hakufurahi. Elijah ndiye aliyekuwa mbunge wao wa mwisho kabla jimbo lao la milimani halijavunjwa na kugawiwa majimbo jirani. Tangu hapo hawakuwa wamemwona hata mazishini.

"Nimekuja tu kukusalimia, Mama Lynn," alisema.

Fridah akampa chai, akangoja kuambiwa shida. Mgeni akauliza habari za kabichi, akasifu ng'ombe, akaaga. Baadaye akarudi na mchele. Fridah akaupokea kwa adabu, lakini hakuupika.

"Uchaguzi bado uko mbali," alimwambia jirani yake, Morris. "Anatafuta nini?"

"Uliza wewe. Kwangu haji," Morris akajibu, akimtazama kwa jicho ambalo Fridah hakulipenda.

Safari ya tatu Elijah alifunguka.

"Ile ploti ya ofisi ya jimbo, marehemu baba yako alinipa mimi, si ndiyo?"

"Alitoa ofisi ijengwe."

"Alinikabidhi mimi. Chifu ameitisha baraza Alhamisi. Sema hivyo tu, sitakusahau."

Baba yake Fridah alitoa ile ardhi ili watu wasihangaike kuteremka hadi Voi kumtafuta mbunge. Jimbo lilipovunjwa, ofisi ilifungwa kufuli, na hakuna aliyejua ni ya nani tena.

Barazani Elijah alizungumza vizuri, akamtaja marehemu kama rafiki yake mkubwa. Kisha chifu akamwita Fridah. Akasimama mbele ya watu.

"Baba hakumpa mtu. Aliwapa watu wa jimbo."

"Jimbo gani?" Elijah akacheka. "Halipo hata kwenye ramani."

"Sisi tupo, Mheshimiwa."

Chifu akaamua ploti isiguswe na mtu yeyote mpaka ofisi ya ardhi iichunguze. Elijah akaondoka bila kuaga.

Fridah alidhani atapewa mkono. Badala yake Morris akauliza mbele ya wote, "Na mbona alikuwa anakuja kwako tu?"

Akawaeleza yote. Baadhi walimwamini. Wengine wakaenda zao wakinong'ona.

Hadi leo, akisikia gari likipanda mlima, Fridah husimamisha jembe na kusikiliza mpaka lipite.