Nusu ya Kidole, Jicho Moja

Fundi wa mashine aliinua ukope wa mgonjwa kwa kidole kilichovaa glovu, taratibu, kama mtu anayebandua karatasi iliyolowa. Jicho likatokea, jekundu pembeni, jeusi katikati, likaelea bila kututazama. Mimi nilisimama miguuni, nimeshika chuma cha kitanda. Upande wa pili alisimama mama mmoja, mshona nguo, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni kwa vile alitoka kazini bila kujiangalia. Hatukuwa tukisalimiana. Mimi nilisema mgonjwa yule ni mume wangu. Yeye alisema ni mwanawe.

"Haumii," fundi alisema. "Ni picha tu."

Siku kadhaa nyuma, moto ulianzia stoo ya kiwanda cha rangi, kwenye mapipa ya mafuta ya kuchanganyia. Mtu mmoja alifia humo humo. Mwingine aliokotwa karibu na mashine ya kukoroga rangi, akiwa hai kwa pumzi za kubahatisha. Mashine ile ilikuwa ya mume wangu, hata wenzake waliiita "jiko la kaka". Basi aliyeokotwa pale akawa mume wangu, na aliyebaki stoo akawa kijana mbeba mapipa. Nani angebisha? Wote walikuwa warefu, wembamba, na moto haukuwaachia sura.

Nilimkuta amefungwa bandeji kuanzia utosini, mpira wa hewa mdomoni. Palibaki mahali pamoja tu pa kumshika, kiwiko cha mkono wa kushoto. Muuguzi akaniambia nimsemeshe, kwani mtu akilala vile masikio hubaki macho.

Nikamsemesha. Mwanzoni nilisema ya kawaida: bomba limerudi kutoa maji, jirani ameulizia hali. Kisha yakatoka yaliyonikaa kooni. Siku moja kabla ya moto tuligombana. Yeye alitaka mdogo wake na watoto wahamie kwetu, mimi nikamwambia nyumba si kituo cha mabasi. Tukalala mzungu wa nne, kila mtu na miguu ya mwenzake usoni, na asubuhi akaondoka bila chai. Kumbe nilikuwa na habari ya kumpa, nikaifungia kwa hasira. Niliitoa pale kitandani, nimeinama karibu na bandeji ya sikio. Nina mimba. Tuliyoingoja miaka yote, imekuja, na wewe umenuna, mimi nimenuna.

Kila niliposema, mlio wa mashine ya moyo ulipungua kasi. Muuguzi naye aliliona hilo. "Anakujua," akasema. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Kisha akaja yule mama, mzazi wa kijana mbeba mapipa. Alikuwa ametoka kuonyeshwa maiti aliyoambiwa azike.

"Yule si wangu," alisema, akamtazama mgonjwa kwa muda mrefu. "Wangu ni huyu."

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alimshika bega kwa adabu. "Mama, ni uchungu huo. Twende ukapumzike."

"Uchungu naujua mimi, mwanangu. Ndio niliomzaa nao."

Nilimchukia. Nilimwona kama mtu anayenyang'anya sahani mezani kwangu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, akikaa kwenye benchi la ukumbini bila kelele, mpaka daktari akachoka kumpita pale na kuwapigia simu watu wa kiwanda.

Getini pa kiwanda walikuwa wamefunga mashine ya kutambua watu, baada ya wafanyakazi kuzoea kuingia zamu kwa kadi za wenzao. Ilisoma uso, vidole na macho, vyote kwa pamoja. Mume wangu aliicheka. "Zamani mlinzi alinijua kwa kikohozi," alisema. "Siku hizi natoa uso, natoa vidole, natoa macho, na bado wananitilia shaka."

Ndipo fundi wa mashine hiyo akaja na kisanduku chake. Alitueleza polepole, akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu, na namshukuru mpaka leo kwa kutofanya haraka.

"Uso hatuna. Vidole vimeungua, kimebaki kidole gumba, tena nusu. Nusu ya kidole naweza kuifananisha na watu wengi. Jicho nalo ni moja na lina machozi, peke yake nisingeliamini. Kila kimoja ni shahidi anayesitasita. Lakini wakisema jina moja wote wawili, mashahidi wasiojuana, hapo nitawaambia."

Akapima kidole. Akapima jicho. Akarudia vyote. Sikuomba Mungu. Nilitazama kiwiko.

Fundi hakutaja jina. Alimgeukia tu yule mama, akamwambia, "Pole kwa kungoja."

Mama alinyoosha mkono, nikadhani anamfikia mwanawe. Alinishika mimi.

Tulimzika mume wangu. Shemeji akahamia kwangu na watoto wake, nikawatandikia mimi mwenyewe. Nilikuwa kama chungu kilichoepuliwa, joto lipo lakini hakuna kinachochemka. Lililonitesa si kaburi. Ni yale maneno. Niliyatoa yote mara moja, nikampa asiye mwenyewe, na nilipokaa kaburini kuyasema upya sikuyapata. Yalitoka makavu, kama ya kusomewa.

Siku moja yule mama akabisha hodi. "Tangu uondoke hatulii," alisema. "Wametoa mpira, lakini hasemi na mtu. Sina haki ya kukuomba, mwanangu. Nakuomba."

Nilimwambia siwezi. Kesho yake nikaenda.

Bandeji za uso zilikuwa zimepungua. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Nilikaa, nisijue niweke wapi mikono.

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. "Harufu ya stoo ilinipa kizunguzungu. Kaka akaniambia, njoo ushike mashine yangu, mimi nitabeba mapipa."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokuwa.

"Nilikuwa nasikia," akasema tena.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Nilitaka kukwambia si mimi, mdomo ukakataa. Halafu..." Alifumba jicho. "Halafu nikaogopa ukijua utaacha kuja."

Mama yake aliinuka, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Kwenye korido kitanda cha magurudumu kilipita kikilia.

Ningeweza kukasirika. Labda nilikasirika. Lakini duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyesikia nilivyomuaga mume wangu, naye ndiye huyu.

"Niambie nilisemaje," nikamwambia.

Alinitazama kwa lile jicho.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akaanza na bomba la maji. Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, na mahali pengine alikosea. Sikumsahihisha.