Kanda ya Mama

Sauti ya marehemu mama niliifuta mimi, kwa mkono wangu huu huu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanihurumia bure.

Nilikuwa nakodisha kanda za video katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mama alinipa chumba kile akiwa hai, na alipoanza kuugua akataka alitamke jambo hilo mbele ya kamera, maana alimjua vizuri kaka yangu. "Chumba cha kanda ni cha binti yangu," alisema akiwa ameketi kitandani. "Asije akasumbuliwa na mtu."

Nikaing'oa kanda ile kijino chake cha plastiki, ambacho kikishatoka mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Sikuandika kitu juu yake. Nikaificha ndani ya boksi la filamu ya ufugaji wa nyuki, rafu ya chini kabisa, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuiulizia filamu ile. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa oneni ujinga wangu. Kanda tupu zilikuwa adimu, kwa hiyo filamu isiyokodishwa miezi sita niliishusha, nikaziba tundu la kijino kwa selotepu, nikarekodi mpya juu yake. Mwaka wa tatu baada ya msiba ikaja filamu ya ngumi ambayo mtaa mzima uliigombania. Wateja wakajaa mlangoni, wengine wananitania kwamba watazeeka wakisubiri. Nikashusha maboksi kumi ya rafu ya chini bila hata kuyasoma, nikaziba, nikarekodi. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea, akili ilikuwa kwa wateja. Nakala zilizozidi nikazirudisha kwenye maboksi yake ya zamani, ziwe akiba.

Mwezi uliopita kaka akaleta mnunuzi wa nyumba. Nikakataa katakata, nikamwita mjomba na ndugu wengine tukae kikao. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

"Leo mama atasema mwenyewe," niliwaambia, nikatumbukiza kanda.

Wakatokea wanaume wawili wanapigana juu ya paa. Nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma, nikapeleka tena mpaka mwisho. Mateke matupu. Nikaitoa kanda na kuigeuza, nikaiona selotepu niliyoibandika mwenyewe. Nililia mbele ya watu wazima na sikuona aibu.

Mjomba akamgeukia kaka. "Siku ile kamera ulishika wewe. Hebu tuambie, mama yenu alisema nini?"

Wote wakamwangalia. Nami nikamwangalia, na Mungu anisamehe, nilikuwa na matumaini. Huyu tumenyonya ziwa moja. Alisimama hatua mbili tu kutoka kitandani, na nilimwona kwa macho yangu akijifuta machozi.

Kaka akajikuna shingo. "Mjomba, mimi nilikuwa nahangaika na mwanga tu. Maneno sikuyafuatilia."

Mjomba akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao, na kaka akaninyooshea mkono kuniomba funguo za chumba, tena kwa upole, huku akiniita mdogo wangu.