Orodha Tupu

...na bado Kvido hajamaliza, anasema jamani mimi sitafuti mtu wa kumsulubu, nataka kuelewa tu, na wanaosema nataka kuelewa tu ndio hao hao wenye misumari mfukoni, Drahomíra aliwaza, ila aliwaza bila uchungu, kama mtu anayesoma maandishi nyuma ya pakiti ya chumvi, maana tangu Februari kila kitu kilimfikia hivyo, kutoka mbali, kikiwa kimeshapoa. Walikuwa wamesimama nusu duara mbele ya skrini, watu wanne ndani ya ndara za ofisini, viatu vyote vimeachwa mlangoni kwa sababu hapa Brno hata anayekuja kufukuzwa kazi huvua viatu kwanza, na kikao cha asubuhi ni cha kusimama ili kiwe kifupi, ndivyo alivyowaeleza yule mtaalamu aliyeletwa kutoka Praha, robo saa tu, na sasa dakika ya arobaini inayoyoma na Leona amehamishia uzito mguu wa kushoto. Mezani imepangwa mikate ya siku ya jina la bosi, maana hapa kila jina lina siku yake kwenye kalenda, thelathini na moja Machi, siku ya akina Kvido, na akina Kvido nchi nzima hawajai basi moja, ila wao wamempata wa kwao, vipande vya mkate vilivyobebeshwa nyama, yai na tango la siki, na hakuna wa kugusa kabla ya kumpongeza mwenye siku, na nani atampongeza mtu anayeuliza ni nani aliyefuta redio ya watu. "Bosi, mayonezi imeanza kutoka jasho," Leona alisema, "tukupongeze kwanza, halafu utuchinje tumeshiba." "Leona, tafadhali." "Nimesema tu, bosi. Mimi mpimaji wa programu, kazi yangu kuripoti hitilafu." Hakuna aliyecheka, Zbyněk peke yake alitoa pumzi puani, kidogo, kwa adabu.

Miaka kumi na moja ya rekodi... si yote, nakala zipo mpaka Krismasi, kilichokwenda moja kwa moja ni miezi mitatu ya kituo kidogo cha redio, mtangazaji mmoja mama wa makamo aliyekuwa akizunguka na kinasa sauti kwa wafuga nyuki wazee, akaandika barua pepe ya mistari miwili, wala hakutukana, laiti angetukana, aliandika wawili kati ya wale wazee wameshafariki kwa hiyo hatuwezi kurudia. Drahomíra aliisoma mara tatu, akangoja kuhisi chochote, akaenda kuosha kikombe. Na programu yenyewe, hii wanayoitengeneza hapa, haina uchawi, unaiandikia kompyuta inavyotakiwa kuwa, faili hii iwepo, mtumiaji yule asiwepo, nayo inazunguka kutoka seva hadi seva ikitazama kilichopo, ikilinganisha na kilichoandikwa, ikirekebisha tofauti, na ukiipa ruhusa ya kufagia inaondoa kila kisicho kwenye orodha, bila kinyongo, bila kuuliza mara mbili. Kila inachokishika wanakiita rasilimali, kama vile ni dhahabu, kumbe ni folda. Na ile sehemu ya kushika rasilimali ilikuwa jalala, miaka kumi na minne ya mikono ya watu walioondoka, mistari ile ile imerudiwa mahali sita, faili zinafunguliwa hazifungwi mpaka mashine kubwa zinakabwa koo, na yeye ndiye aliyeomba kuisafisha, aliomba mwenyewe, alitaka kitu chenye mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na aliisafisha vizuri, hilo hata Kvido hawezi kulikana, mahali sita pakawa mahali pamoja, kila kinachofunguliwa kinafungwa... isipokuwa mstari mmoja. Msimbo wa zamani, pamoja na uchafu wake wote, ukishindwa kuisoma orodha ya vitu vya kubakizwa ulikuwa unasimama na kupiga kelele. Wake haukupiga kelele. Wake ukishindwa kusoma ulirudisha orodha tupu, kimya kimya, nadhifu, na orodha tupu maana yake hakuna cha kubakiza, na siku seva nyingine inayotunza orodha ya kituo kile cha redio haikuitika, programu ikafagia.

Aliuandika mstari huo Jumanne moja ya Februari, na maiti ya mama yake ilikuwa imechomwa Ijumaa iliyotangulia, ukumbi wa tanuri ulikuwa na zamu za dakika ishirini na familia nyingine tayari ilikuwa ikikung'uta miavuli mlangoni, yule bwana wa suti akamuuliza muziki gani, akasema wowote, na shangazi akamshika kiwiko, "unajisikiaje, mwanangu," akasema "hamna kitu, shangazi," na shangazi akawageukia wengine, "mnamwona huyu, moyo wa chuma," na wakaridhika wote, wakaenda kula, hakuna aliyemwambia hamna kitu na sijaweza kufungua si jibu moja... hata yeye hakujiambia, ndiyo maana Jumanne ile kidole chake hakikusita, kushindwa kuona na kutokuwepo vikawa kitu kimoja, nukta, mstari unaofuata. "Basi nauliza tena," Kvido alikuwa anasema, akigonga skrini kwa kalamu pale penye jina, "mabadiliko haya yameingia kwa jina la Zbyněk." "Naliona, bosi," Zbyněk alisema. "Umelikuza kama la mgombea ubunge." "Mzee, siulizi jina. Nauliza, uliyasoma?" "Niliyaangalia." "Kuangalia na kusoma..." "Niliyaangalia, Kvido. Andika hivyo." Shingo ya Zbyněk ilikuwa imeiva kuanzia kola hadi masikioni, shingo ya mtu wa miaka sitini na sita aliyerudi kazini kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaokwisha leo, karatasi mpya iko mezani kwa Kvido tangu wiki iliyopita haina saini, na Zbyněk huliongelea kwa mzaha, anasema nikibaki nyumbani mke wangu atanipeleka kwaya, mimi na sauti hii, mtakuwa mmeua watu, lakini kila akipita mlango wa Kvido hutupa jicho juu ya ile meza.

Na sheria ya nyumba hii ni kwamba kazi ya mtu haiingii mpaka jicho la pili liipitie, na mtambo wao wa kizamani hukusanya hatua zote za mwandishi, huzikandamiza ziwe moja, na juu yake hubandika jina la aliyebonyeza kitufe, si la aliyeandika, na Februari sehemu ile waliigusa wote wawili, kwa hiyo mstari upi ni wa nani skrini haisemi. Zbyněk alibonyeza. Jumanne ile alimwandikia, naona sawa, Draho, nenda nyumbani ukalale, na hakusoma, bila shaka hakusoma, nani anamkagua mfiwa mstari kwa mstari, alimpa kibali kama watu wanavyokupa kiti. Sasa ananikinga, Drahomíra aliwaza, na wazo lilikuwa na uvuguvugu kidogo, karibu alipende... lakini Zbyněk hakuwa ametupa hata jicho moja upande wake, na anayekukinga hukutazama walau mara moja aone kama umekingika, huyu anatazama ndara zake, huyu anaona haya, anaamini kabisa kosa ni lake kwa sababu hakusoma. Ningesema, aliwaza, kama ningekuwa nahisi ningesema, mtu huhitaji kitu cha kumsukuma kutoka ndani na mimi ndani kumezimwa tangu Februari, daktari mwenyewe alisema ni kawaida, usijilazimishe mama, kitarudi chenyewe... ilikuwa sababu nzuri, ina hata daktari, na alikuwa karibu kutulia ndani yake alipoiona Alhamisi iliyopita.

Hakuikumbuka, aliiona. Barua ya yule mama wa redio imesomwa mara tatu, na kabla ya kikombe, kabla hajasimama, aliifungua historia ya msimbo, akashuka mpaka kwenye ule mstari, akaujua mara moja kama mtu anavyojua mwandiko wake, na macho yakapanda juu kutafuta jina, na jina likawa Zbyněk. Na mabega yake yakashuka. Hilo hasa, mabega, yalishuka yenyewe, hewa ikatoka kifuani, akafunga dirisha la kompyuta, ndipo akaenda kuosha kikombe, akakiosha vizuri, kwa sabuni. Mtu aliyekufa ganzi hatafuti jina. Mtu aliyekufa ganzi mabega yake hayashuki. Kwa hiyo kulikuwa na mtu humo ndani muda wote huu, yuko macho, anapiga hesabu, na ganzi ilikuwa pazia tu alilovuta apate kukaa vizuri, na mama, mama aliyelala siku tisa hospitalini akiuliza kama paka amekula, mama naye akatundikwa kwenye pazia. Kitu kikamchoma nyuma ya masikio, kibaya, kidogo, kikali, hakikuwa huzuni, haikuwa hata karibu na huzuni. Zbyněk alikohoa. Leona alirudi mguu wa kulia. "Kuna mwenye neno?" Kvido aliuliza, akiinamia saa yake, "maana kama hakuna nafunga, na mzee, wewe tutaonana ofisini kwangu." Ni mimi, hilo lilikuwa tayari, na lilikuwa jepesi mno, wangemsamehe kabla hajafunga mdomo, maskini Draho, na msiba ule, Kvido mwenyewe angemsogezea kiti, angetoka humu analiliwa. Nimejua tangu Alhamisi, hilo hakuna anayelijua, hakuna anayelihitaji, Zbyněk angepona bila hilo, na Zbyněk akilisikia hatamtazama tena kama alivyomtazama Jumanne ile. Kvido alikuwa bado ameinamia saa, kalamu bado iko kwenye jina, na wote wanne walikuwa bado wamesimama pale pale waliposimama, na Drahomíra alikuwa anavuta pumzi, ndefu, ya kwanza ndefu kwa wiki nyingi, akijua tayari kwamba ataanza na Alhamisi.