Mwenye Jina Ajitokeze

Jumanne asubuhi, saa mbili na kitu, Papa Laurent, chef, yaani mkuu, wa ofisi ya kuandikisha wafu mjini Beni, alipangusa meza kwa mkono wa shati, akaweka chai kuume na tablette kushoto, akaanza kuchovya mkate. Usiku mvua ilikuwa imepiga, na matope mekundu yalifika mpaka kizingitini. Kahongya Elysée, ambaye alikuwa amekufa tangu Jumamosi, alisugua viatu vyake kwenye gunia la mlangoni, akasalimia, akaenda kuketi kwenye benchi kando ya mke wake. Shingo yake ilikuwa imefungwa kikwembe cha kijani ili kichwa kikae mahali pake.

"Njo yeye?" Laurent akauliza.

"Njo yeye," Antoinette akajibu.

"Muzuri. Tunaweza kuanza."

Hakuna aliyeshangaa, na ashangae nini, wakati ni Laurent mwenyewe aliyemwita? Jana yake Antoinette alikuja kuomba karatasi ya kusafirisha maiti. Alitaka kumzika mume wake kwao Kipese, karibu na baba yake, na kutoka Beni mpaka Kipese kuna barrières, vizuizi vya askari, ambavyo hata mbuzi hapiti bila karatasi. Kwenye kitambulisho cha marehemu iliandikwa Elysée. Kwenye mashine, yaani ile tablette, iliandikwa ElysÃ©e. Laurent akamsomea sheria iliyobandikwa ukutani: kosa la jina husahihishwa mbele ya mwenye jina, yeye mwenyewe, bila mwakilishi. Antoinette akaeleza kwamba mwenye jina yuko kwenye chumba cha maiti. Laurent akamjibu, kwa upole kabisa, kwamba sheria haikuweka mlango wa pembeni kwa ajili ya wafu. Na kweli, wahenga walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Basi Antoinette akaenda kumwambia mume wake, na mume wake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kugombana na ofisi, akaamka na kuvaa viatu.

Mashine yenyewe ililetwa na mradi fulani, kwa hotuba, fulana za bure na soda. Walisema ni kwa ajili ya kuhakikisha kwamba Beni haitapoteza tena mtu hata mmoja kwenye orodha. Kuwapoteza kwenye mashamba lilikuwa jambo la idara nyingine. Kila mwanzo wa wiki chumba cha maiti kilileta majina yake kwenye clé, kijiti kidogo cha kubebea mafaili, Laurent akaichomeka, akabonyeza neno Importer, na wafu wakaingia mmoja mmoja kwenye tablette, kila mmoja kwenye mstari wake. Kazi safi. Binti mmoja aliyeitwa Sagesse aliingia na kutoka na karatasi yake kabla chai haijapoa. Shekinah naye vilevile.

Shida ilikuwa kwa wale wa é. Na huku kwetu, we, nani hana é? Mama wa Kinande akipata mtoto, Kinande kinampa mtoto jina la nafasi yake ya kuzaliwa, na padri anampa jina la é, na bila ile é mtoto anaonekana kama amebatizwa mbiombio. Kwa hiyo asubuhi ile benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na Rébecca, kulikuwa na Michée, kulikuwa na bibi mmoja mzee, Emérence, wote wameshikilia vitambulisho vyao magotini, wote wamekufa, wote wanangoja kwa adabu.

Laurent alikuwa mtu wa Kwilu, mbali huko magharibi. Alikuwa amekaa Beni miaka mingi na bado aliita mji huo "huku kwenu." Alivaa miwani, akaisogeza tablette karibu na pua.

"Hii alama ndogo, c ndani ya duara, ninaijua," akasema. "Iko ku CD za musique. Inamaanisha jina hii iko na mwenyewe."

"Mwenyewe njo miye," Elysée akasema. Sauti yake ilipitia kwenye kikwembe na ilikwaruza kidogo.

"Hapana, papa. Mwenyewe wa droits, wa haki za jina. Bila autorisation yake, bila ruhusa, siwezi kugusa."

"Jina nilipewa na baba yangu. Alikuwa catéchiste."

"Basi baba yako alichukua jina ya mutu. Alete autorisation."

Elysée alieleza kwamba baba yake naye amekufa, amezikwa Kipese. Laurent akafikiri kama amwite naye. Akaona Kipese ni mbali, na benchi limejaa.

Lakini Laurent hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha watu. Alijitahidi. Alitoa orodha yote kwenye mashine, akaiweka kwenye clé, akairudisha tena, kwa imani kwamba kitu kikitoka na kuingia tena hunyooka. Jina likatoka ElysÃƒÂ©e. Na wakati huohuo, kwa kuwa jina lilikuwa limerefuka, mwenye jina naye akarefuka. Suruali ya Elysée ikapanda mpaka katikati ya mguu. Magoti ya Rébecca yakagusa meza. Bibi Emérence, ambaye alikuwa mfupi tangu kuzaliwa, akaona kwa mara ya kwanza juu ya kabati la serikali. Akasema kumbe kuna vumbi hivi.

Laurent akabonyeza tena. Wakarefuka tena.

Sikuli, seremala aliyetengeneza sanduku la kumzikia Elysée, alikuwa amesimama mlangoni na kipimo chake. Alimtazama Elysée kutoka kisigino mpaka kisogo, akatikisa kichwa.

"Chef," akasema, "kila mara unabonyeza, miye napoteza mbao. Sanduku niliimaliza tangu jana. Sasa niongeze ku kichwa ao ku miguu?"

"Ngoja kwanza. Kuna utaratibu."

"Utaratibu ule ukifika ku paa, tutatoboa paa?"

Laurent akamwelekeza kwenye daftari la miadi. Antoinette ndiye aliyesimama. Alikuwa ameketi kwa adabu tangu asubuhi, na watu walidhani amezoea. Hakuwa amezoea. Alikuwa na hasira, na alikuwa na woga pia, kwa sababu maiti ni maiti hata akitembea, na siku zilikuwa zinakwenda, na jua la Beni si baridi ya Kipese.

"Bwana yangu alikuwa mufupi," akasema. "Nilimupenda mufupi. Batoto bake bananingoja ku Kipese, banajua baba yao iko mufupi. Chef, usiguse tena. Umuite mwenye anajua ile mashine."

Elysée akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mrefu sana sasa na haukuwa na shida ya kumfikia.

Jumatano mchana Jean-de-Dieu alishuka kutoka Butembo kwa moto, pikipiki yake. Alikuwa na matope mpaka masikioni na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya koti. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za miradi pale miradi inapokwisha na mashine zinabaki. Aliwasalimia walio hai, akawasalimia wafu, akainama kidogo kwa bibi Emérence kwa sababu ya umri, ingawa kwa sasa ilibidi atazame juu. Kisha akafungua tablette.

"Hii base ya majina haiko Kinshasa, haiko hata ku réseau ya internet," akaeleza. "Yote iko ndani ya faili moja, humu humu. Haikuharibika. Inasoma vibaya tu."

"Inasoma vibaya namna gani?" Laurent akauliza.

"Chumba cha maiti banaandika é kwa alama mbili, inakuwa herufi moja. Mashine haijui ile namna. Inaona alama mbili, inasema ni herufi mbili. Ni kama mutu anakuandikia mu Kinande, weye unasoma kama ni Lingala. Na kila mara uliitoa na kuirudisha, ulitafsiri makosa yako."

"Miye nilifuata bouton."

"Ndiyo, chef. Bouton haina kosa."

Jean-de-Dieu aliifuta orodha yote, akachukua clé ya mwanzo, na kabla ya kubonyeza Importer akaiambia mashine majina yameandikwa kwa alfabeti gani. Basi. Hilo tu. Lilikuwa swali ambalo mashine ilikuwa inauliza kila wiki kwenye kisanduku kidogo, na kila wiki Laurent alikuwa anakifunga kwa heshima, kwa sababu hakikumhusu.

Wafu wakarudi kimo chao. Rébecca akateremsha magoti, Michée akakunjua mgongo. Bibi Emérence akatazama juu ya kabati mara ya mwisho, akashuka. Elysée akawa mfupi kama zamani, suruali ikafunika viatu, na Antoinette akamtazama na kulia kwa furaha, bila aibu, mbele ya wafanyakazi wa serikali. Watu wakapiga makofi. Laurent naye akapiga, kwa unyenyekevu wa mtu aliyefanya kazi kubwa.

Karatasi ikatoka kwenye imprimante, bado ya moto. Antoinette akaisoma kwa kidole. Kahongya Elysée, é yake imesimama mahali pake, na mkia wake mdogo juu. Mkulima wa cacao. Kuzaliwa Kipese. Kidole kikateremka, kikasimama.

"Hapa," akasema. "Sababu ya kifo. Banaandika maladie."

Elysée akainamisha kichwa ili asome, na ikabidi akishike kwa mkono, kwa sababu ya kikwembe.

"Miye sikugonjwa," akasema.

"Papa, magonjwa mengine mwenyewe hayasikii," Laurent akasema.

"Nilikuwa ku shamba. Nilikuwa navuna. Balikuja na mapanga. Ile hapana kugonjwa."

Jean-de-Dieu akaangalia faili ya chumba cha maiti. Muuguzi alikuwa ameandika vizuri, bila kuficha, na bila accent hata moja: kukatwa na panga. Akaangalia ndani ya mashine. Kisanduku cha sababu ya kifo kilikubali maneno matatu tu, maladie, accident, uzee. Neno lolote jingine mashine ililikataa, na ili mstari usibaki na pengo, iliandika lile la kwanza. Rébecca alikuwa na maladie. Michée alikuwa na maladie. Bibi Emérence, ambaye walimkuta jikoni kwake, alikuwa na maladie ileile.

"Hii naye ni kosa?" Antoinette akauliza.

"Hapana, mama," Jean-de-Dieu akasema polepole. "Hii iliandikwa hivi. Lakini ninaweza kuongeza neno. Ni neno moja. Hata chai haitapoa."

Laurent akavua miwani.

"Jean-de-Dieu, mudogo wangu, uliitwa juu ya accent. Ile ingine hapana accent. Kila mwisho wa mwezi hii liste inapanda juu. Ikipanda na neno ile, bataniuliza nani alikata, na askari walikuwa wapi. Nitajibu nini, miye mutu wa Kwilu? Huko juu banajua Beni iko na magonjwa mingi. Banatuma dawa. Tuna dawa mpaka kwenye couloir."

Ni kweli, makatoni ya dawa yalijaa koridoni. Watu waliyakalia.

Jean-de-Dieu akatazama bouton, akatazama mkataba wake ndani ya kichwa chake, akakunja kompyuta, akairudisha kwenye plastiki. Hakumwangalia Antoinette. Antoinette naye hakumlaumu, kwa sababu nje Fuso ya Butembo ilikuwa inapiga honi na dereva alikuwa amesema hatangoja. Aliweza kubaki na kugombania neno, au kuondoka na kumzika mume wake kwa jina lake. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya blauzi.

"Wasingya," akamwambia Laurent, asante kwa Kinande, kwa sauti isiyo na shukrani ndani yake, na Laurent, ambaye hakuwahi kujifunza, alidhani ni shukrani ya kawaida.

Walisafiri nyuma ya lori, juu ya magunia. Sanduku la Sikuli, ambalo tayari alikuwa ameliongeza mbao, lilikuwa refu kupita kiasi, Elysée akaketi juu yake na kupiga gumzo na mwanamke aliyekuwa anapeleka samaki Butembo. Walipita Butembo, wakabadilisha gari, wakaanza kupanda kwenye baridi. Kabla ya Lubero kulikuwa na kamba imevukishwa barabara, na askari mmoja kijana mwenye koti la mvua akawaomba watu wote washuke.

Alisoma karatasi kwa makini. Alisoma kitambulisho. Akalinganisha herufi kwa herufi, na alipofika kwenye é akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamtazama Elysée, kikwembe cha kijani, na doa kubwa lililokauka kwenye kola.

"Mama, ye akufaki na nini?" akauliza kwa Lingala: huyu alikufa na nini?

Antoinette alijua jibu. Alimtazama mume wake, na mume wake alikuwa anatazama njia ya Kipese, huko mbele, ambako watoto walikuwa wamechimba kaburi tayari. Elysée alikuwa amechoka sana kukaa bila kuzikwa.

"Maladie," Antoinette akasema.

"Pole, mama." Na askari alisikitika kweli, ilionekana usoni. "Hii maladie ya Beni inamaliza batu. Kila siku banapita hapa. Basi tusiipeleke huko juu."

Akawaonyesha ndoo ya maji ya chlore iliyokuwa imetundikwa kando ya kamba tangu wakati wa Ebola. Wakapanga mstari. Antoinette akanawa, dereva akanawa, na Elysée akakunja mikono ya shati, akanawa vizuri, kidole kwa kidole, mpaka askari akasema inatosha.