Rangi ya Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa nimeishi na mke mwenza mwenye magurudumu manne: gari la Kiitalia, jekundu, la viti viwili, kongwe kuliko mimi, ambalo mume wangu aliachiwa na mjomba wake. Lilikaa gereji limefunikwa shuka nzuri kuliko zangu. Kila Jumapili alikuwa akiliwasha, tunaketi ndani kusikiliza linavyonguruma, kisha analizima. Kuliendesha? Thubutu! Kila kilomita ingelishusha thamani.

Mwaka huu akapatikana mnunuzi, mkusanyaji wa magari ya zamani, akaliona kwenye picha, akataja bei ya kutosha kumalizia nyumba yetu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini jikoni nililia, maana lingeondoka bila kunitembeza hata mara moja.

Siku mbili kabla mnunuzi hajaja kulikagua, mume wangu akiwa kazini, shemeji yangu alikuja na kompresa yake. Yeye ni fundi wa kupiga rangi, na ada ya kujifunza kazi hiyo alilipiwa na kaka yake, kwa hiyo alitaka kumshukuru. Rangi ilikuwa imepauka, mlangoni imebanduka. Aliikwangua yote, akapuliza mpya. Mimi mwenyewe nilimpikia na kumsifu, kisha tukalifunika tena ili mume wangu alione kwa mara ya kwanza siku ya mnunuzi.

Mnunuzi alilizunguka mara moja tu. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," shemeji akajibu, kifua mbele.

"Ndugu yangu, ile iliyopauka ndiyo ya kiwandani. Mpya hata mimi napiga. Ile hairudi tena. Sasa nitatoa nusu ya bei."

Shemeji akakaa chini. "Kaka, nimekuharibia."

Nilisubiri moto uwake. Mume wangu alipapasa ule mlango, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nusu sichukui. Miaka yote naogopa lisikwaruzwe. Si ndiyo hivyo, limeshakwanguliwa lote!" Akanigeukia. "Mama watoto, panda."

Nilipanda na ndala zangu za jikoni. Lilizimika mara mbili getini, kisha likashika barabara, na nje ya mji mume wangu akakanyaga mafuta.

"Unakwenda mbio mno!" nikapiga kelele.

"Nipunguze?"

"Ole wako!"

Tuliporudi, shemeji alikuwa bado amekaa palepale, kichwa chini. Nikamwambia ahsante. Akadhani namkejeli. Nikamshika mikono yote miwili, kucha zimejaa rangi nyekundu, nikarudia, na safari hii akaona kwamba nalia.